Shajara ya mradi: kuitoa ekseli ya nyuma ya Land Rover Series IIA

Siku ya 1: kabla ya kugusa nati

Gari ni Land Rover Series IIA ya mwaka 1967, ile fupi ya inchi 88, injini ya petroli ya lita 2.25. Injini na giaboksi nilishazimaliza, sasa ni zamu ya nyuma. Nina malalamiko matatu na nayaandika hapa ili niyajibu ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya nyuma, ikishatoka. Breki ya nyuma kushoto imelowa oili, nikikanyaga breki gari linavutwa kulia. Kila nikiachia klachi kuna mgongano mmoja mzito chini ya sakafu. Na usukani haukai katikati: hata barabara ikiwa imenyooka, inabidi niushike umeelekea kushoto kidogo.

Nilikwishaleta jeki. Mjomba, aliyeanza kuyafungua magari haya wakati bado ni mapya, akanizuia.

"Mjomba, weka jeki chini. Lete futi."

"Tupime nini, mjomba, na ekseli tunaitoa?"

"Ndiyo maana tunapima leo. Ukishaifumua utapima nini?"

Basi tukapima, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake manne mahali pasipo na mteremko. Tulianzia katikati ya boliti ya mbele ya springi, ile inayoishikilia springi kwenye chasisi, tukaishia katikati ya bomba la ekseli. Upande wa kulia mara mbili, upande wa kushoto mara tatu kwa sababu sikuamini. Kushoto ekseli imekaa nyuma kwa milimita 13 kuliko kulia.

Upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia kwenye gari hili ni inchi 51.5, yaani milimita 1,308. Milimita 13 kwa upana huo ni zaidi kidogo ya nusu digrii. Ni ndogo kwa macho, lakini magurudumu ya nyuma yamekuwa yakisukuma gari kuelekea kushoto muda wote huo, na mimi nimekuwa nikilifuata kwa usukani. Mwezi mzima uliopita nilihangaika na vifundo vya usukani mbele, nikabadilisha viwili ambavyo sasa naona havikuwa na kosa.

Ningeinua gari kama nilivyotaka, springi zingening'inia, ekseli ingejisogeza, na ushahidi huo ungepotea. Nimeviandika vipimo vyote kwa chokaa kwenye chasisi yenyewe, juu ya kila springi, kisha nikapiga picha.

Siku ya 2: kutu

Leo ni brashi ya waya na mafuta ya kulegeza kutu, basi. Nimesugua nyuzi zote zinazoonekana: nati 8 za yuboliti (boliti zilizopinda kama herufi U), boliti za shakeli (mabapa yanayoushika mkia wa springi kwenye chasisi), boliti 4 za propela (shafti ndefu inayoleta mwendo nyuma) kwenye difu (gia zilizo katikati ya ekseli), nati za mabomba ya breki. Nikazilowesha asubuhi, mchana na jioni, na nitarudia kesho kutwa nzima. Tope lililokauka juu ya bomba la ekseli nimelikwangua kwa spachula na kulitia kwenye ndoo. Lilikuwa nene kama kidole upande wa kushoto, na limeshikamana kwa sababu lilichanganyika na oili.

Neno moja kuhusu spana. Gari hili ni la inchi. Boliti za propela zinafunguka kwa spana ya 9/16, ambayo ni milimita 14.29. Spana ya 14 haiingii, ya 15 inaingia lakini inacheza, na kwenye nati yenye kutu huo mchezo ndio unaokula kona zote. Kulia nimekuta nati mbili zimeshaviringwa na mtu aliyenitangulia. Seti ya spana za inchi ni kitu cha kuwa nacho kabla ya kuianza kazi hii.

Siku ya 4: kuinua

Hendibreki ya Land Rover hizi haiko kwenye magurudumu. Ina dramu yake nyuma ya transfa (sanduku la gia linalogawa mwendo kwa ekseli ya mbele na ya nyuma), na inachobana ni propela ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lile lililo hewani lizunguke upande wake na lile la chini liviringike upande wake, na gari linaondoka hali hendibreki imevutwa hadi mwisho. Halafu ukiifungua propela, huku nyuma hendibreki haina tena cha kushika. Mtu aliyezoea magari mengine anaweza kufia hapo, kwa hiyo naliandika kwa urefu.

Tulichofanya: kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu la mbele, mbao ngumu zilizokatwa kwa pembe, zikagongwa kwa nyundo mpaka zikabana. Kisha tukaingiza mwendo wa magurudumu manne, gia nzito, na gia ya kwanza, ili ekseli ya mbele nayo ishikwe na injini. Nati za magurudumu ya nyuma tulizilegeza gari likiwa bado chini.

Jeki tukaiweka chini ya difu, tukainua, stendi mbili zikaingia chini ya chasisi mbele kidogo ya mahali springi zinapoanzia. Kabla ya kuziamini stendi nilizunguka na nyundo ndogo nikigonga chasisi. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu ndani kinatoa sauti butu. Palilia pote. Tukalishusha gari juu ya stendi, mjomba akalisukuma kwa bega kutoka ubavuni, kwa nguvu, mara mbili. Halikutikisika. Hapo ndipo nilipoingia chini.

Siku ya 5: oili, propela, breki

Kizibo cha kujazia oili kinafunguliwa kwanza, ndipo cha kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu cha kujazia kikakataa, umebaki na ekseli isiyo na oili na huna njia ya kuirudishia. Chetu kilikataa kwa dakika kumi hivi, kikaachia kwa kishindo.

Ekseli hii inachukua lita 1.75. Tulikinga kwenye beseni na kupima: lita moja na robo tu. Karibu nusu lita imekwenda nje, na najua nyingi imekwenda wapi. Rangi nayo haikunipendeza. Oili nyeusi ningeielewa, lakini hii ilikuwa na michirizi ya kijivu iliyofifia kama uji, ambayo ni maji. Nimeyaweka yote mawili kwenye orodha ya kutafutiwa jibu.

Propela ilikuwa rahisi. Nilipiga nukta mbili kwa panchi, moja kwenye flanji (bamba la kuungia) ya propela na moja kwenye flanji ya difu, zielekeane, ili irudi ilivyokuwa. Boliti nne zikatoka. Propela usiiache ining'inie kwenye krosi ya mbele, kiungo chake kinachopinda. Niliifunga kwa waya kwenye chasisi. Nilizipinda krosi zote mbili kwa mkono huku na huku nikitafuta ule mgongano wa klachi. Hazina mchezo hata kidogo. Kwa hiyo mgongano hautoki huku.

Breki ilinikera. Kwenye ekseli kuna mpira mmoja wa breki unaoshuka kutoka kwenye chasisi hadi kwenye kiungo cha njia tatu, na kutoka hapo bomba la chuma linakwenda kulia na jingine kushoto. Kazi yangu ilikuwa kuufungua mpira juu tu, kwenye chasisi. Nati ya bomba ikazunguka, nikafurahi, kumbe bomba nalo linazunguka pamoja nayo. Nilipoliona limeshasokotwa kama kamba. Bomba hilo sasa ni la kubadilishwa, kutoka hapo mpaka mbele kwenye kiungo kinachofuata. Kosa ni langu: nilitumia spana ya kawaida yenye mdomo wazi na sikulishika bomba kwa mkono wa pili ili nihisi kama linazunguka. Nati za upande wa ekseli nilizifungua kwa spana ya mabomba, ile ya duara iliyokatwa sehemu ndogo, baada ya kuzilowesha tena na kuzitikisa mbele na nyuma robo robo. Zote zilitoka nzima.

Ncha zilizobaki wazi nimeziziba kwa vizibo vya mpira. Mafuta ya breki yanakula rangi, kwa hiyo tone lolote lililoanguka kwenye bodi lilioshwa kwa maji papo hapo.

Siku ya 6: yuboliti

Shokapu zinashikwa kwenye bamba lililo chini ya springi. Pini za kupinda zilikatika vipande vipande, washa zikatoka, bushi zikavutika kwa koleo. Mikanda ya kuzuia ekseli isishuke kupita kiasi nayo nikaifungua. Yote hayo yalichukua nusu saa.

Kisha yuboliti. Zipo nne, mbili kila upande. Zinapanda juu ya bomba la ekseli na kushuka kupitia bamba la chini, na ndizo zinazoibana ekseli kwenye springi. Nati nane. Upande wa kulia tulipambana nazo kama nilivyotarajia: bomba la kurefusha mpini, mafuta, nyundo, tena mafuta. Mbili zilishindikana, nikazikata kwa grenda. Sikusikitika, kwa sababu yuboliti hazirudishwi. Zikishavutwa mara moja nyuzi zake zimenyooka, na ukizikaza mara ya pili zinakudanganya.

Upande wa kushoto nilipachika soketi na mpini mrefu, nikajiweka sawa kwa miguu, nikavuta. Nati ikazunguka kama ya gurudumu la baiskeli. Nikaenda ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu na ya nne zilikuwa zimekaza kiasi, lakini hata hizo hazikuhitaji bomba.

Nikamwita mjomba aje aone. Aliishika nati ya kwanza kwa vidole, akaizungusha, akaitazama.

"Hizi zilishawahi kufunguliwa, zikarudishwa zilezile. Angalia nyuzi."

Nyuzi za mwisho, pale nati ilipokuwa imekaa, zilikuwa zimevutika na kupishana nafasi. Aliyezifunga alizikaza siku hiyo tu. Springi ni mabapa yaliyopangwa, na gari likitembea kilomita mia chache mabapa hukaa na kushikana zaidi, kwa hiyo nati lazima zirudiwe kukazwa. Hizi hazikurudiwa. Aliyekuwa nalo kabla yangu aliniambia springi za nyuma zilibadilishwa karakana, na nilikuwa nimelihesabu hilo kama sifa ya gari.

Siku ya 7: shakeli, na ekseli inatoka

Kwenye gari hili ekseli inakaa juu ya springi, kwa hiyo haiwezi kushuka mpaka springi ziwe zimeondolewa njiani. Njia tuliyochagua ni kufungua nyuma tu, kwenye shakeli, springi ziinamishe mkia chini huku mbele zikibaki zimeshikwa.

Boliti ya shakeli ina siri yake. Ukiitazama utadhani ni boliti ya kawaida iliyopita moja kwa moja yenye nati upande wa pili. Utatoa nati na kuigonga ili itoke. Haitatoka. Bapa moja la shakeli lina nyuzi, boliti imejisokota humo, na ile nati ni ya kufungia tu. Unatoa nati, kisha boliti yenyewe unaifungua kwa spana kutoka kwenye kichwa. Anayeigonga kwa nyundo anazivunja nyuzi za bapa na anabaki na kazi mpya. Mjomba aliniambia haya kabla sijainyanyua nyundo.

Ya kulia ilitoka baada ya saa nzima. Ya kushoto ilikuwa imeshikana na kibomba cha chuma kilicho ndani ya bushi. Boliti ikizunguka, mpira wote unajikunja nayo na kuirudisha. Tulijaribu moto, mpira ukaanza kufuka moshi mweusi, tukaacha. Mwishowe niliikata kwa msumeno wa chuma pande zote mbili za springi, kati ya bapa na bushi, dakika arobaini kwa mkono maana grenda haikupata nafasi. Bushi zote zinabadilishwa hata hivyo.

Kabla ya springi kuachia, jeki ya toroli ilikuwa chini ya difu imebeba uzito wa ekseli yote. Tukayarudisha magurudumu kwenye habu (vitovu vyake), nati tatu kila moja, tukaishusha jeki polepole mpaka matairi yakagusa sakafu na springi zikalala chini. Kutoka hapo ekseli inaviringishwa kwenda nyuma yenyewe, kama mkokoteni.

Jambo moja la kuangalia: pua ya difu inaelekea mbele na ni nzito. Ekseli ikishaachana na yuboliti hakuna kinachoizuia isigeuke, na pua itaanguka chini ghafla na kubana vidole. Mimi nilishika pua kwa mikono miwili, mjomba na binamu yangu wakasukuma kila mmoja gurudumu lake. Tulilazimika kusimama mara moja ili kuliinua gari sentimita kumi zaidi, kwani sehemu ya juu ya difu ilikuwa inakwama kwenye mhimili wa nyuma wa chasisi. Halafu ikatoka. Nilikaa sakafuni nikalitazama gari likiwa halina kitu nyuma, chasisi wazi mpaka kwenye transfa.

Siku ya 8: ekseli inasema

Leo ndiyo siku niliyokuwa naingoja.

Kikalio cha kushoto, pale ekseli inapokaa juu ya springi, kina tundu katikati. Kichwa cha boliti inayoyafunga mabapa ya springi kinaingia kwenye tundu hilo, na hicho ndicho kinachoiweka ekseli mahali pake. Yuboliti kazi yake ni kubana. Nilipogeuza ekseli, kichwa cha boliti kilikuwa bado kimo ndani ya tundu, chenyewe, bila boliti. Nilikitoa kwa tindo. Kimekatika kwa kusukumwa ubavuni, siyo kwa kuvutwa. Theluthi mbili za mkato ni kutu ya kahawia iliyokomaa, na theluthi iliyobaki inang'aa kama kijiko. Kilianza kupasuka zamani, kikashikilia kwa ukingo mmoja, kikaisha hivi karibuni. Tundu lenyewe halina tena umbo la duara: nimelipima kwa kalipa, limerefuka milimita 3 kuelekea nyuma.

Hapo ndipo zilipotoka milimita 13 zetu. Yuboliti zilipolegea, mzigo wote wa breki na wa mwendo ukawa juu ya kichwa hiki kimoja. Kilipokatika, ekseli ikawa inateleza juu ya springi upande huo. Ukiachia klachi inasogea mbele na kugonga, ukikanyaga breki inarudi nyuma. Mgongano na usukani vina chanzo kimoja.

Oili ilichukua muda zaidi. Niliondoa boliti 6 za flanji ya habu ya kushoto na kuivuta nje shafti inayozungusha gurudumu. Kwenye ekseli za aina hii shafti haibebi uzito wa gari, habu inakaa juu ya beringi zake, hivyo shafti inatoka bila kugusa gurudumu. Ilitoka imelowa oili mwanzo hadi mwisho. Dramu ilipovuliwa, viatu vya breki vilikuwa vyeusi vinang'aa, na sili ya habu (mpira unaozuia oili) midomo yake imepinduka kuelekea nje. Sili iliyochakaa inavuja ikiwa mahali pake. Hii ilisukumwa.

Nikarudi juu ya bomba la ekseli, pale nilipokwangua lile tope nene siku ya pili. Chini ya tope kuna kipumulio, kitu kidogo kama kofia ya kidole. Difu ikipata moto hewa ndani inatanuka na kutokea hapo. Chetu kimezibwa kabisa. Nilichomeka waya mwembamba haukupita. Hewa ilipokosa pa kutokea ikatafuta njia kwenye sili na kuisukuma oili mbele yake. Na ekseli yenye moto ikiingia kwenye maji inapoa ghafla, hewa ndani inajikunja na kuvuta, na kama kipumulio hakipo wazi inavuta maji kupitia sili hizo hizo. Hapo ndipo ilipotoka ile michirizi ya kijivu.

Kitu cha nne sikukitafuta. Shafti ya kushoto ina meno 10 upande wa difu, na meno yanapaswa kunyooka kama mistari ya daftari. Nilipoishika mwangani yalikuwa yamejipinda kidogo, yote kwa pamoja, kama uzi unaoanza kusokotwa. Chuma kimeshaanza kusalimu amri na kingekatika siku yoyote kwenye kupanda kwa gia nzito. Ya kulia, niliyoitoa baadaye, imenyooka. Nabadilisha zote mbili.

Jioni, kabla sijaitoa shafti ya kulia na baada ya kuirudisha ya kushoto kwa muda, tulihakiki uwiano. Difu hii ni 4.7 kwa 1: meno 47 kwenye gia kubwa, 10 kwenye pinioni, gia ndogo inayoizungusha. Mjomba gurudumu moja, mimi jingine, tukayazungusha pamoja mzunguko mmoja kamili, binamu akihesabu alama ya chokaa kwenye flanji. Mizunguko minne na karibu robo tatu. Kama mtu angeshaweka difu ya uwiano mwingine, isingelingana na ya mbele, na kwenye magurudumu manne vyombo vyote vingekuwa vinavutana.

Siku ya 11

Springi zimetolewa na kuwekewa alama. Ya upande wa dereva si sawa na ya upande wa abiria, hivyo kila moja imeandikwa kwa rangi: D na A. Boliti mpya za kati zimefungwa. Tundu la kikalio limejazwa kwa kulehemu na kutobolewa upya, kichwa cha boliti kinaingia kwa kusukuma kwa kidole gumba na hakichezi. Fundi wa kulehemu alitaka kuongeza nyama pembeni pia, nikakataa. Joto jingi mahali hapo linaweza kulipinda bomba la ekseli.

Yuboliti nne mpya, nati mpya, sili mbili za habu na moja ya pinioni, shafti mbili, viatu vya breki pande zote, bomba moja la breki kwa kosa langu. Vyote viko mezani. Kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani nimeandika kwa herufi kubwa: kurudia kukaza yuboliti baada ya kilomita 500.

Kipumulio kipya nilikifunga leo mchana, cha mwisho kabla ya rangi. Kizibo cha kujazia oili kilikuwa bado wazi, shafti na sili bado hazijaingia, kwa hiyo nilijaza vitambaa kwenye ncha mbili za bomba na kwenye pinioni, nikapiga magoti, nikaweka mdomo kwenye tundu la kujazia, nikapuliza. Mjomba alikuwa ameweka kiganja juu ya kipumulio.

"Inakuja," akasema. "Puliza tena."